Breki ya Mwalimu

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijafika chini kwenye vichochoro, Heena alimshika babake mkono, akamteremsha ngazi za mbao, akamtoa nje hadi Ndia Kuu palipoegeshwa gari lao, akamkalisha kiti cha mbele upande wa kushoto. Alimfunga mkanda, akamrekebishia kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, akawasha redio kwa sababu mzee hakupenda safari ya kimya, kisha akaondoka polepole kuelekea Kizingo. Huko mzee hukaa kwenye ukuta mfupi unaotazama bahari, akapigwa na upepo, akanywa kahawa yake chungu, halafu Heena akamrudisha nyumbani kabla ya kwenda kazini. Ndiyo iliyokuwa kawaida yao. Haikuhitaji maneno, nao hawakuwa watu wa maneno mengi.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu na lilikuwa na breki mbili. Moja ilikuwa chini ya mguu wa dereva, kama magari yote. Ya pili ilikuwa upande wa abiria, kwa kuwa Mzee Zakir alikuwa mwalimu wa udereva maisha yake yote, na gari la kufundishia lazima liwe na breki ya mwalimu. Nusu ya watu wanaoendesha magari kisiwani walikuwa wamepita mikononi mwake. Kisha presha ya macho ikamwingia, ikamla taratibu, kwanza pembeni, mwishowe katikati, hadi ukabaki weupe tu kama wa ukungu. Chuo chake cha udereva kikafungwa. Bango la herufi L likang'olewa. Lakini breki ya mwalimu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuing'oa, na kila asubuhi mzee aliuweka mguu wake pale, akakanyaga kidogo mahali alipopajua kwa mwili: kwenye kona ya Ngome ya Yesu, kwenye tuta la mbele ya shule, kwenye mzunguko wa Kizingo. Heena alikuwa amezoea gari kupunguza mwendo pasipo yeye kutaka. Hata alipenda. Alikuwa na umri wa kuitwa shangazi na watoto wa wenzake, lakini mguu ule ulimfanya ajione bado ni binti anayetunzwa.

Asubuhi moja walikuwa wameshaipita Ngome, redio ikisoma habari, mtangazaji akasema kwamba Arnold Okumu alikuwa analeta Mombasa gari lake linalojiendesha, kwamba majaribio yangefanyika barabara za Kizingo, na kwamba kampuni ilikuwa inatafuta watu wa kupanda, hasa wasioweza kuendesha wenyewe, wazee na wasioona.

Mzee Zakir akakanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Gari likasimama katikati ya barabara kama punda aliyekataa. Kahawa ikamwagika kutoka kwenye chupa. Nyuma yao tuktuk ilipiga honi na kuyumba, ikaja kusimama ubavuni, na dereva wake akatoa kichwa.

"Dada, hiyo leseni uliipata kwenye bahati nasibu?"

Heena aliona haya hadi masikio yakamwaka. Dereva wa tuktuk akamtazama mzee, akamtambua, akabadilika uso, akasema kwa adabu, "Sabalkheri, Mwalimu," akaenda zake.

Mzee hakuwa amesikia honi wala salamu. Alikuwa ameelekeza sikio kwenye redio.

"Ongeza sauti," alisema.

Hakukuwa na mtu duniani ambaye Mzee Zakir alimpenda kwa mbali kama Arnold Okumu. Alimfahamu kwa simu yake tu, ile inayosoma kwa sauti, lakini alijua habari zake kama za mpwa wake. Alijua kwamba Okumu alizaliwa Makande, mtoto wa fundi wa reli. Alijua kwamba alianguka mtihani wa udereva mara mbili, na kisa hicho mwenyewe alikisimulia kila aliposimama mbele ya watu, akicheka kabla yao. Alijua kwamba aliacha kazi nzuri ya benki, akakodi gereji iliyokuwa inavuja, akaanza kuunda gari lisilohitaji dereva, na watu wakamwuliza kama ana wazimu, gari lisilo dereva katika nchi ambayo hata punda hutumia barabara. Gari lake la kwanza liliingia kwenye kibanda cha mboga. Akalipa kabeji zote, akaomba radhi mbele ya kamera, akarudi gerejini. La pili lilikwama kwenye mvua. La tatu likatoka Mariakani alfajiri, likafika Mazeras pasipo mkono wa mtu, likisimama kila panapostahili, na tangu siku hiyo waliocheka wakapunguza.

"Watu wenye akili ni wengi," mzee alizoea kusema. "Mtu wa kuchekwa na asirudi nyuma, huyo ndiye adimu."

Heena naye alimstahi Okumu, kwa njia yake ya kimya. Yeye alikuwa mtu wa kuogopa kuchekwa tangu utoto. Chuoni, aliposomea ufamasia, alijua majibu na hakuinua mkono. Kwenye duka la dawa la Digo Road alipofanya kazi, mteja akikosea jina la dawa alimpa ile sahihi bila kumsahihisha. Kulikuwa na video moja ambayo aliitazama mara nyingi kitandani: gari la Okumu limefika kwa mbuzi mchanga aliyelala barabarani, limesimama, linangoja, mbuzi anaamka, ananyoosha mwili, anaondoka kwa wakati wake, ndipo gari linaendelea. Hakukuwa na mtu ndani wa kupiga honi wala kutukana. Subira ile ilimgusa, hakujua kwa nini.

Lakini siku za karibuni sifa za gari lile zilikuwa zimeanza kumchoma. Babake alizirudia kila walipokaa kula. Gari lisilochoka. Gari lisilonuna. Gari ambalo halina mahali pengine pa kwenda. Kila alichokisifu, Heena alijiona yeye ndiye aliyepungukiwa nacho. Alijiuliza alikuwa amenuna lini, kama mzee aliisikia miguno yake asubuhi alipokuwa hajalala vizuri. Na jioni, nyumba yao ya ghorofa ilipobaki tupu, mamake akiwa kaburini na kakake Kaizar akiwa Dubai akituma salamu za sauti siku za Ijumaa, Heena alikaa chumbani na kusikia upande wa pili wa ukuta sauti changamfu ya Arnold Okumu kwenye video za simu ikizungumza na babake kuliko yeye alivyowahi kuzungumza naye.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakumwambia mtu. Binamu yake Fatema alikuwa na duka kubwa la dawa Parklands, Nairobi, na alikuwa amemwekea nafasi. Si ya kusimama kaunta. Ya kulisimamia duka lote. Fatema alimpigia simu, akamwambia angemshikia nafasi hiyo hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo angempa mtu mwingine. Heena alisimama jikoni, akauzungusha waya wa chaja kidoleni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwisho wa mwezi nije Nairobi? Bawa nitamwacha na nani?" Bawa ndivyo alivyomwita babake. Fatema akasema afikirie. Heena akafikiri. Alifikiri akiosha vyombo, alifikiri akihesabu vidonge vya wateja. Aliwaza baridi ya Nairobi, sweta ambalo angelinunua, ufunguo wa mlango ambao ungekuwa wake peke yake. Kisha alisikia fimbo ya babake ikigonga sakafu ikitafuta choo, naye akaona haya kwa mawazo hayo, akaenda kumshika mkono.

Walipofika Kizingo siku ile ya redio, mzee hakutaka hata kukaa. Alimwambia Heena apige simu kwa kampuni papo hapo. Heena alisimama chini ya mwarobaini, akapiga, akiyarudia kimoyomoyo maneno ya kusema kama kawaida yake mbele ya mtu asiyemjua. Akapokea msichana mwenye sauti ya ukarimu aliyejitaja kuwa Sheryl, akaandika jina, umri, hali ya macho, kisha akauliza kama mzee angehitaji kuwa na msaidizi.

Babake, aliyekuwa na masikio ya popo, alijibu akiwa amesimama kando ya ukuta.

"Mwambie sihitaji mtu."

Heena akamwambia Sheryl kwamba angekuja na msaidizi siku ya kwanza tu. Alipokata simu alibaki amesimama pale, akitazama maji, hadi mzee akauliza kama wameshaachana na kahawa.

Siku ya jaribio ilifika na upepo wa kusi. Okumu alikuwa anawangoja kwenye kivuli cha miti mikubwa ya Kizingo, mfupi kuliko alivyoonekana kwenye video, shati halikupigwa pasi, viatu vina vumbi. Alimpokea mzee kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye uliyefeli mtihani?" mzee aliuliza kabla ya salamu kwisha.

"Mara mbili, Mwalimu. Ya pili niligonga fito zote, sikuacha hata moja."

"Kwangu ungefaulu."

"Basi afadhali sikuja kwako. Nisingekuwa na haja ya kuunda gari."

Mzee akacheka, kicheko cha tumboni ambacho Heena alikuwa amekisahau. Alijiona amesimama pembeni ya furaha yao kama mtu aliyeleta mgeni na sasa kazi yake imekwisha.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, na juu ya paa lake kilizunguka kitu kama taa isiyowaka. Okumu alikaa nyuma ya usukani kwa sababu sheria ilitaka mtu awepo, akaweka mikono magotini na kuiacha hapo. Mzee akakaa kushoto kwake. Heena akaingia nyuma, akaikusanya rida yake ya samawati, vazi lililomfunika toka kichwani, akawa mdogo kitini. Hakuwa amewahi kukaa kiti cha nyuma akiwa na babake. Kutoka hapo aliona kisogo chake, nywele za mvi zilizotoka chini ya kofia, na sikio lililojipinda kidogo.

Gari likaondoka lenyewe. Halikutoa mngurumo wowote, ila mlio mwembamba kama wa feni. Heena aliuona mguu wa babake ukianza kutafuta. Ulikwenda mbele, ukapapasa zulia, ukarudi, ukapapasa tena. Hakukuwa na breki.

"Sasa kuna tuta," mzee alisema, uso umekaza.

Gari lilikuwa limeshapunguza mwendo kabla hajamaliza neno.

"Sasa mzunguko. Lipishe wa kulia."

Likapisha wa kulia, pikipiki ya muuza mikate, kisha likaingia. Mzee alikuwa akilisikiliza kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi anayesoma vizuri, akingoja kosa, akiombea lisitokee. Mbele kidogo, gari likasimama pasipo tuta wala njia panda.

"Mbona tumesimama?"

"Kunguru, Bawa," Heena alisema. "Yuko barabarani anadonoa kokwa la embe."

"Kunguru?"

"Ndiyo. Hana haraka."

Kunguru akaligeuza kokwa, akalijaribu upande wa pili, akaruka. Gari likaendelea. Mzee Zakir alivua kofia yake, akaishika magotini, na machozi yakamtiririka kwenye ndevu huku akicheka.

"Nimefundisha watu maisha yangu yote wasimame kwa ajili ya mtoto," alisema, "na wakisimama, basi kwa kununa. Hili linasimama kwa kunguru."

Okumu alitazama mbele, lakini Heena aliona kwenye kioo kwamba macho yake nayo yamelowa, na akamheshimu kuliko siku zote. Mtu huyu alikuwa amechekwa na nchi nzima kwa ajili ya hili. Heena aliangalia chini, akaona mguu wa babake umelala juu ya zulia, umetulia kabisa. Hakuwahi kuuona umetulia ndani ya gari. Akafurahi kwa dhati, na hapohapo akajihisi mpweke kama mtu aliyebaki kituoni.

Walizunguka Kizingo hadi mzee akajua kila kona kwa mara nyingine. Ndipo akasema, "Sasa litupeleke nyumbani. Ndia Kuu."

Okumu alieleza kwamba Mji wa Kale gari bado hawajalijaribu humo, kwamba ramani wanayo na upana wa njia wanaujua, lakini njia zile zina mambo yake.

"Jaribu," mzee alisema. "Au leo ndiyo umeanza kuogopa kuchekwa?"

Okumu akatabasamu, akagusa kioo cha kompyuta kilichokuwa kati yao, na gari likageuza pua. Walipita Ngome ya Yesu, waongozaji watalii wakaacha maneno yao katikati, wauza vinyago wakanyoosha shingo. Gari likaingia Ndia Kuu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kuta zilikuja karibu pande zote mbili. Heena angeweza kunyoosha mkono na kugusa milango ya majirani zake, na alijikunyata kwa haya, kwa kuwa kila aliyekaa barazani alikuwa anatazama ndani.

Nusu ya njia wakakutana na Abdulhalim, anayeuzia mtaa maji, akisukuma mkokoteni uliojaa mitungi. Njia ilikuwa nyembamba pale, pa kupita mmoja. Gari likasimama upande huu, penye nafasi, kumpisha. Abdulhalim naye akasimama upande wa pili kulipisha.

Wakabaki hivyo.

Ndia Kuu ina desturi yake, na hakuna aliyezaliwa pale asiyeijua. Mkikutana pembamba, hapiti mtu kimya. Mmoja atatoa salamu, au atainua mkono, au atasema pita, na mwenzake atajibu, ndipo mtu asogee. Anayejipenyeza bila neno, hata akiwa na haki ya njia, huonekana amewadharau waliokaa barazani na walio ndani ya nyumba pia. Mzee Zakir alikuwa akiwaambia wanafunzi wake wakishapata leseni, wakidhani wamemaliza kujifunza, kwamba usukani utawafikisha Ngome tu, na kutoka Ngome kuingia ndani ni salamu.

Abdulhalim alimtazama Okumu, akaona mtu aliyekaa nyuma ya usukani na mikono magotini kama anayengoja kinyozi. Alingoja neno. Gari nalo lilingoja asogee. Nyuma yao ikaja tuktuk, ikasimama. Mwenye duka la vinyago akatoka mlangoni. Bibi mmoja akafungua dirisha la juu.

"Gari limeona haya," mtu alisema barazani, na watu wakacheka.

Heena alihisi kicheko kile shingoni. Lakini Okumu alikuwa ameinama mbele, uso umechangamka, kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Tuliache kidogo," alisema. "Nataka kuona litafanya nini."

Halikufanya kitu. Liliendelea kungoja, kwa subira ileile ya mbuzi na kunguru. Heena alimtazama babake, akijua kwamba yeye angesema lile neno, yeye aliyewafundisha wote. Mzee hakusema. Alikuwa ameivaa tena kofia yake na uso wake ulikuwa umeshuka.

"Kwa hivyo halifiki mlangoni kwangu," alisema.

"Bado, Mwalimu."

"Kabla ya mwisho wa mwezi?"

Okumu alidhani ni mzaha, akacheka. "Mwisho wa mwezi! Mwalimu, sitaki kukudanganya. Kwa njia hizi, sema miaka."

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole, na mguu wake ukaanza tena kupapasa zulia.

Mwisho wa mwezi. Heena aliyasikia maneno hayo, akashika ukingo wa kiti cha mbele. Hakuna aliyejua habari za mwisho wa mwezi ila yeye na Fatema. Aliyasema jikoni, kwa sauti ya chini, waya ukiwa kidoleni. Akayakumbuka yote kwa pamoja, gari lisilochoka, gari lisilo na mahali pengine pa kwenda, mwambie sihitaji mtu, akaona kwamba aliyasikia kinyume. Mzee alikuwa ametafuta kitu cha kumbeba, apate kumwacha bintiye aende, na kitu hicho sasa kimesimama nusu ya njia mbele ya mitungi ya maji.

Watu wakazidi kucheka. Tuktuk ikapiga honi. Heena akateremsha kioo, akatoa kichwa na mabega nje mbele ya Ndia Kuu yote, na kwa sauti ambayo hakujua anayo akasema, "Asalaam aleikum, kaka Abdulhalim. Tangulia wewe, mzigo wako ni mzito."

"Waaleikum salaam, Bi Heena," Abdulhalim alisema, na uso ukamfunguka. "Mimi nilikuwa nangoja neno tu. Mwalimu, hujambo? Haya, ahsanteni, nikishapita ndia ni yenu."

Akaupitisha mkokoteni ubavuni, mitungi ikigongana. Gari likakaa kidogo, kisha likasogea. Barazani wakapiga makofi, wengine kwa dhihaka, wengine kwa kweli.

Okumu aligeuka nyuma. "Neno moja tu?"

"Neno moja," Heena alisema, na haya zikamrudia, akajificha kitini.

Okumu alimsaidia mzee kushuka mlangoni. Alisema angerudi kesho yake na siku iliyofuata, hadi gari lielewe au yeye azeeke. Na Mwalimu akipenda, alisema, Sheryl angekuwa anakuja asubuhi kumshika mkono hadi Ngome, na kutoka hapo gari limpeleke Kizingo na kumrudisha, kwa sababu gari linahitaji abiria anayejua kulikosoa. Mzee alimshukuru. Hakusema ndiyo wala la. Alisimama mlangoni akilisikiliza gari likiondoka kwa mlio wake wa feni, hadi lilipopotelea kwenye kona.

Walikula chakula cha mchana. Baada ya sala ya alasiri mzee alimwomba Heena atoe ubao wa mji.

Ubao huo ulikuwa nyuma ya kabati tangu chuo kilipofungwa. Kila mwanafunzi wa udereva anaujua: mji mdogo uliochorwa juu ya mbao, barabara, mzunguko, njia panda, mahali pa kuegesha, na kigari cha kuchezea ambacho mtahiniwa hukisukuma huku akieleza anafanya nini na kwa nini. Heena aliufuta vumbi, akauweka mezani. Utotoni ndio uliokuwa mchezo wake. Mzee aliupapasa kwa vidole, akaupata mzunguko, akaipata njia panda, akakiweka kigari pale mdomoni mwa njia.

"Kaa," alisema. "Nikutahini."

Heena akakaa.

"Ulijua tangu lini, Bawa?" aliuliza.

"Tangu siku hiyohiyo. Jikoni kwetu hakuna mlango, na mimi yaliyokufa ni macho."

"Mbona hukusema?"

Mzee alikizungusha kigari papo hapo. Kilikuwa kimepoteza gurudumu moja, kikainama upande.

"Ningekwambia nenda, ungesema nakufukuza," alisema. "Ningekwambia kaa, ungekaa. Nikaona nimtegemee Arnold." Akatabasamu kidogo. "Usidhani nilikuwa naigiza. Lile gari nalipenda, wallahi. Kunguru, Heena."

"Na mimi nalipenda," Heena alisema.

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni, na mwingine alikuwa anampisha, salamu zao zikapanda hadi dirishani. Mzee alingoja zipite.

"Haya, mwanafunzi. Umefika njia panda. Kulia umetazama, hakuna mtu. Kushoto umetazama, hakuna mtu. Njia iko wazi. Nami nasikia injini yako inaunguruma, lakini huondoki. Unangoja nini?"

Heena alikitazama kigari. Alitazama vidole vya babake vilivyokishikilia kwa wepesi, tayari kukiachia. Chini ya meza aliuona mguu wa mzee, umeikanyaga sakafu kwa nguvu, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alijua majibu ya mtihani huo tangu utotoni, na hakuna hata moja lililofaa. Kwa muda alitamani kuwa kama lile gari, angoje tu hadi mtu mwingine aseme. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa babake, juu ya kigari.

"Nataka kwenda, Bawa," alisema. "Nataka kwenda Nairobi. Nimetaka tangu siku ile, na kila asubuhi nilikuwa nangoja wewe ukanyage breki."